Disleksia kwa anayesoma Kiswahili: mwongozo wa kuitambua kwa mtoto na kwa mtu mzima

Orodha nyingi za dalili za disleksia, ule ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma na kuandika, zinazozunguka mitandaoni ziliandikwa kwa kuwatazama watoto wanaosoma Kiingereza. Huko mtoto hujulikana haraka, kwa sababu Kiingereza hakisomeki kama kilivyoandikwa, hivyo mwenye disleksia hukosea maneno waziwazi na kila mtu akasikia. Kiswahili ni habari nyingine. Herufi "a" ni "a" popote uikutapo, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mtoto mwenye disleksia anaweza kufika Darasa la Nne akiwa anayasoma maneno karibu yote bila kosa, ila anayasoma kwa kujikongoja, silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 humsikia mara moja kwa wiki, anaona maneno yametoka sawa, anamwambia akae.

Kwa hiyo, ukiwa unapima kwa Kiswahili, usihesabu makosa peke yake. Tazama mwendo na tazama tahajia. Saa ya simu itakusaidia kuliko orodha yoyote.

Ni nini hasa

Disleksia ni ugumu wa kuzaliwa nao wa kuzikata sauti za neno, kuzishika akilini na kuzifungamanisha na herufi upesi, bila kufikiri. Si ugonjwa wa macho. Haihusiani na uvivu, na haipimi akili: wapo wenye disleksia walio wepisi wa kuelewa, wa kawaida na wazito, kama watu wengine wote. Makadirio ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya watu, maana yake darasa la watoto 60 lina watatu hadi sita. Hurithiwa sana. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unakadiriwa kuwa kati ya asilimia 40 na 60. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mzazi halihusu mtoto: "Mama, wewe na baba yake, na wajomba na mashangazi, kusoma kuliwapataje shuleni?" Mara nyingi jibu linaanza na kicheko.

Ondoa kwanza yanayofanana nayo

Masikio yaje mwanzo. Mtoto aliyekuwa akitoa usaha masikioni mara kwa mara alipokuwa mdogo huenda hasikii vizuri tofauti ya "p" na "b", au "s" na "sh", na asiyesikia tofauti hawezi kuiandika. Mpeleke hospitali apimwe masikio, na siku hiyohiyo macho. Miwani haiondoi disleksia, lakini asiyeona ubao naye atasoma vibaya.

Kisha hesabu siku za shule. Aliyekosa muhula mzima, aliyehama mara tatu, aliyeingia Darasa la Kwanza bila kujua Kiswahili kwa sababu nyumbani wanasema Kisukuma au Kiluo tu: hawa wote watachelewa kusoma, na sababu iko wazi. Tofauti yao na mwenye disleksia ni kwamba wakifundishwa vizuri kwa miezi michache wanapanda haraka.

Kuandika "b" na "d" kinyume kabla ya miaka 7 au 8 ni jambo la kawaida kabisa. Mwandiko mbaya peke yake si dalili. Kutumia mkono wa kushoto si dalili hata kidogo.

Dalili kwa umri

Kati ya miaka 3 na 5 hakuna kusoma, kwa hiyo sikiliza mazungumzo. Amechelewa kusema? Anavuruga silabi za maneno marefu mpaka leo: "surufia" kwa sufuria, "bakati" kwa kabati? Watoto wote hupitia hapo, lakini wengi huacha wenyewe. Hashiki mashairi ya chekechea ambayo wenzake wameyashika kwa wiki moja. Siku za wiki zinamchanganya, na kwa kuwa Jumamosi hadi Jumatano zote zinaanza na "Juma", usishangae kwa mtoto wa miaka 4. Shangaa akiwa na 8. Umemtuma dukani sukari nusu kilo, chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi na chenji yote. Dalili moja ya hizi si kitu. Tatu, pamoja na ndugu mwenye shida ya kusoma, ziweke akilini.

Darasa la Kwanza na la Pili ndipo penye mtego mkubwa. Mtoto anaimba "ba be bi bo bu" na darasa zima, sauti juu, kichwa kinatikisika, mzazi akipita dirishani anafurahi. Mchukue pembeni, mwoneshe "bo" peke yake. Atanyamaza, kisha utaona midomo inacheza: anaanza "ba, be, bi…" kimoyomoyo mpaka aifikie. Huyo amekariri wimbo. Ndivyo ilivyo kwa kitabu cha darasa pia: anasoma ukurasa wote huku macho yake yakiwa kwenye picha, na ukimwekea kidole juu ya neno moja la katikati hajui ni lipi. Madrasa nako huwa hivyo hivyo, sura fupi zote kazihifadhi, lakini mwambie akuoneshe aya aliyoisoma iko wapi msahafuni.

Darasa la Tatu hadi la Saba, kasi ndiyo inayomfichua. Anasoma mwanzo wa kitenzi na kubahatisha mkia: "alipika" inakuwa "anapika", "hatutawapikia" inakuwa "hatuta…" kisha kimya. Kunakili ubaoni anamaliza wa mwisho, kwa kuwa anarudi kutazama ubao kila baada ya silabi mbili. Hesabu za mdomo anaziweza, ila hesabu za maelezo zinamshinda. Maumivu ya tumbo huanza asubuhi ya siku yenye imla.

Halafu kinakuja Kiingereza. Kenya, masomo yanahamia Kiingereza kuanzia Darasa la Nne. Tanzania, kwa shule za serikali, ni Kidato cha Kwanza. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya unyoofu wa Kiswahili sasa anakutana na "though", "through" na "enough", na anaporomoka muhula mmoja. Watu husema amevurugwa na marafiki au na balehe. Rudi ukatazame madaftari yake ya imla ya miaka ya nyuma.

Upimaji wa nyumbani au darasani, dakika 30

Upimaji huu hautoi cheti cha disleksia. Unakuambia kama kuna sababu ya kwenda kwa mtaalamu, na unakupa kitu cha kumwonesha. Fanya asubuhi, mtoto ameshakunywa chai, asiwe na mafua. Aliye chini ya miaka 8 mgawie siku mbili. Usiuite mtihani: "Mwanangu, njoo tucheze maneno." Andaa saa ya simu, karatasi nne, kalamu nene na daftari lako. Jambo la lazima: wapime pia watoto wawili wa darasa lake wanaosoma kwa wastani, si wale wa kwanza darasani. Bila wa kulinganisha naye, dakika na makosa uliyoyahesabu hayatakuambia chochote.

1. Sauti bila karatasi. "Sema kitabu. Sasa ondoa ki." Tabu. "Sema samaki, ondoa ma." Saki. "Mbuzi, ondoa mbu." Zi. Maswali sita ya hivyo. Kisha sauti mojamoja: "fupi" inaanza na sauti gani? Unganisha s-i-m-u. Kwa mtoto wa chekechea kushindwa sauti mojamoja si neno, kwani Kiswahili hupumua kwa silabi. Mwenye miaka 7 au 8 akishindwa hata silabi, andika.

Ikiwa watoto wa mtaani kwenu wanacheza kinyume, ule mchezo wa Waswahili wa kuleta silabi ya mwisho mbele, una kipimo cha bure: "meza" ni zame, "pika" ni kapi, "nyumba" ni mbanyu. Usianze na "kuku" wala "baba", utajua mwenyewe kwa nini. Wenzake wanakipiga kama maji. Yeye anacheka tu pembeni bila kujibu.

2. Kutaja upesi. Chora vitu vitano anavyovijua vizuri (jua, mti, samaki, kiti, yai), uvirudie kwa mchanganyiko mpaka viwe 40, mistari mitano ya vinane. Hakikisha kwanza anavijua vyote. Anza saa, avitaje kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa hakuna herufi hata moja, lakini wengi wenye disleksia huchelewa waziwazi: jina wanalijua, ila haliji upesi. Kwa lugha kama yetu, kipimo hiki hutabiri kasi ya kusoma vizuri sana. Usikiruke.

3. Silabi nje ya wimbo. Andika 20 bila mpangilio: bo, ki, she, nda, mu, gho, nya, pe, mbwa, chu, ng'o, dhi, kwe, fa, nywe, ngu, thi, mvu, ro, ja. Tazama anakwama wapi. Zile zenye herufi tatu au nne ndizo zinazosema.

4. Maneno ndugu. Panda, penda, pinda, ponda, punda. Yarudie mara nne kwa kuyachanganya. Abahatishaye kwa umbo la neno hapa hana pa kushika.

5. Maneno yasiyo maneno. Mwambie haya ni majina ya watu wa sayari nyingine: bufego, ndopu, zolape, mbwefi, kemishodu, nywaso, ng'opiva, dhulike, chomvare, shigwebo. Hakuna aliyeyakariri, kwa hiyo yanaonesha usomaji mtupu. Andika muda na makosa. Ukimsikia anageuza "zolape" kuwa "zote", anatafuta neno analolijua kwa sababu njia ya herufi inamchosha.

6. Dakika moja. Chukua hadithi asiyowahi kuiona, ya kiwango cha darasa lake, isiyo na picha. Akisoma kwa sauti, weka alama kwenye kila kosa. Dakika ikiisha, hesabu maneno aliyoyasoma sawa. Kwa kukisia tu, kiwango kilichowekwa Tanzania kwa mwisho wa Darasa la Pili ni maneno 50 ya Kiswahili kwa dakika, na Kenya 45. Usilinganishe na takwimu za Kiingereza, kwani neno letu moja kama "wameniandikia" linabeba sentensi nzima yao.

7. Kusoma na kusikiliza. Hiki ndicho kipimo ambacho tungekibakiza kama ungeruhusiwa kimoja tu. Baada ya hadithi aliyoisoma mwenyewe, muulize maswali manne. Kisha msomee wewe hadithi nyingine inayolingana nayo kwa urefu na ugumu, muulize manne mengine. Akijibu vizuri aliyosikia na vibaya aliyosoma, shida iko kwenye maandishi, na disleksia inaingia mlangoni. Akishindwa kote kuwili, tazama upya masikio, lugha, au uwezo wa kujifunza kwa ujumla.

8. Imla. Soma sentensi nzima mara mbili, kisha neno kwa neno: "Ng'ombe wa mjomba amekunywa maji ya mbwa." Makosa ya kawaida ni kudondosha konsonanti kwenye kundi: ngobe, mjoba, bwa. Na "amekunywa" ikipoteza "w" inageuka tusi la chooni. Ikitokea ubaoni darasa zima linaangua kicheko, na mtoto hatakubali kuandika ubaoni tena mwaka mzima. Ndiyo sababu imla hii ifanyike faraghani. Angalia pia maneno yaliyogandana ("majiyambwa") na neno moja lililoandikwa kwa namna mbili tofauti katika ukurasa mmoja.

Lafudhi isikudanganye

Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea. Mtoto wa Kikuyu anayeandika "ngari" kwa gari, wa Kikalenjin anayechanganya "pata" na "bata", anayeandika "kura" akimaanisha kula, "abari" bila "h", "zahabu" kwa dhahabu: hawa wanaandika wanavyosema. Kanuni ni rahisi. Mwambie alitamke neno kwanza, kisha aliandike. Akitamka "kula" akaandika "kula", au akatamka "kura" akaandika "kura", masikio na mkono vinakubaliana. Hiyo ni lafudhi. Akitamka "kamba" vizuri kabisa, kisha akaandika "kaba", na kesho "kabma", hiyo ndiyo ya kuandika daftarini. Kosa la lafudhi hufuata njia moja siku zote. La disleksia hubadilika.

Kosa jingine la wapimaji ni kutumia kitabu cha darasa alichokikariri. Lingine ni kumpima kwa lugha ya tatu. Na baya kuliko yote ni kumsaidia neno kabla hajajaribu: hesabu hadi tano kimoyomoyo kwanza, ndipo umtajie.

Wiki 12 za kuhakikisha

Kama vipimo vinne au zaidi vimemwacha nyuma sana ya wale wawili, usikimbilie jina. Mfundishe dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12: silabi tano mpya tu kwa wiki kwenye kadi, kuzisoma nje ya mpangilio, kuunda maneno kwa kuzipanga mezani, kuandika manne kwa imla, kisha kusoma sentensi mbili zenye silabi hizo. Rudia kipimo cha dakika moja kila baada ya wiki mbili kwa hadithi mpya, na uandike idadi. Aliyekosa mafundisho tu utamwona anapanda. Mwenye disleksia naye atapanda, ila taratibu, na silabi ya juzi itakuwa ngeni leo. Mwendo huo wa kupanda kidogo licha ya mafundisho mazuri ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Katika muda huo viboko vya kusoma vikome, na asisimamishwe kusoma kwa sauti bila kujiandaa. Miwani ya rangi na virutubisho vinavyouzwa kama dawa ya disleksia viache dukani, haviiponyi.

Mtu mzima

Mtu mzima hajifunui, ameshajenga maficho ya miaka 20. "Nimesahau miwani." "Nitumie voisi, niko barabarani." Fomu ya benki anaibeba nyumbani, anarudi nayo imejazwa na mke wake. Kazini ni fundi hodari aliyejifunza kwa kutazama, lakini amekataa usimamizi mara mbili kwa sababu msimamizi huandika ripoti. Akituma pesa kwa simu anasoma namba tarakimu mojamoja, na bado 47 inakuwa 74. Kanisani anakubali kila kazi isipokuwa kusoma somo.

Muulize taratibu, faraghani, kwa heshima yake, na usimpe imla. Alianza lini kusoma bila kutaabika, au hajawahi? Akisoma ukurasa wa gazeti, anarudia mara ngapi? Anachoka kichwa baada ya dakika ngapi? Anaandika neno lilelile kwa namna mbili? Kushoto na kulia anavitofautisha upesi, au anakumbuka kwanza mkono wa kulia chakula? Watoto wake wanasomaje? Kisha mpe maneno yale kumi yasiyo maneno. Wengi wenye disleksia waliosoma hadi chuo huyasoma yote sawa, lakini polepole kuliko wenzao, na ndipo wanapogutuka.

Mtenganishe na asiyepata shule. Aliyekatishwa Darasa la Pili akachunge, akiingia kisomo hushika kusoma ndani ya miezi. Mwenye disleksia alikaa darasani miaka saba na bado anasoma kwa kidole.

Na mtu aliyekuwa akisoma vizuri, kisha ghafla herufi zikampotea, hasa pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, huyo hana disleksia ya kuzaliwa. Anaweza kuwa amepata kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo.

Pa kwenda

Beba daftari la vipimo, imla tatu za tarehe tofauti, ripoti za shule na majibu ya masikio na macho. Kenya kuna vituo vya EARC, vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu, vilivyoanza mwaka 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, jijini Nairobi. Tanzania anza kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako, na uulizie shuleni kama kuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu, mathalani katika chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha. Uganda, Chuo Kikuu cha Kyambogo ndicho kinachojulikana kwa kuwaandaa walimu wa fani hii. Omba ripoti kwa maandishi, si kwa mdomo. Ukitaka mtoto aombewe muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa, shule itahitaji karatasi hiyo kabla ya usajili wa watahiniwa, kwa hiyo ianze kutafutwa mwaka mmoja mapema.